Kichuguu cha Bibi na Mgrevilea Wangu

Mimi ni mtu wa barazani. Wenzangu niliomaliza nao kidato cha nne wametawanyika mpaka Dar. Mimi Kibondo kwenyewe, kutoka hapa Kasulu, nimefika mara mbili tu, na zote ni msiba. Safari ya pili nilirudi na miche mitatu ya mgrevilea nimeipakata kama mama wa mapacha watatu. Nikaipanda mbele ya baraza nipate kivuli cha kukalia. Ikakua, ikapita paa. Halafu mchwa wakaja.

Asiyewajua mchwa wa huku asinifundishe uvumilivu. Wanapaka udongo kwenye shina kama fundi anayepiga lipu, na nyuma ya hiyo lipu wanatafuna gome kuzunguka mti mzima. Ukiona majani yamepauka, umeshachelewa. Mti wa kwanza ulikauka hivyo. Wa pili uliangushwa na upepo ambao haukudondosha hata kanga kambani.

Nilimwaga majivu. Nikamwaga mkojo wa mbuzi, mke wangu akahamishia kiti chake uani. Kila asubuhi nilikwangua ule udongo kwa kisu. Kesho yake upo tena, mbichi. Nikaenda mjini kwa mzee wa duka la pembejeo kutafuta dawa.

"Kichuguu kiko wapi?" akaniuliza.

"Nyuma ya nyumba, kwa bibi."

"Sasa dawa ya nini, kijana wangu? Hao unaowaua ni vibarua. Chimba, umtoe malkia."

Nikarudi, nikachukua jembe. Bibi, mama yake baba, anakaa nyuma yangu, na kichuguu kiko mlangoni kwake, kikubwa kama banda la mbuzi. Kwetu kichuguu kina mwenyewe, kama shamba. Hiki alirithi kwa mama mkwe wake. Mvua za kwanza zikinyesha na kumbikumbi wakianza kutoka, anakifunika kwa majani ya migomba, anawakinga, anakaanga, anagawa mpaka kwa ndugu wa Buhigwe. Yote hayo nayajua, na mimi mwenyewe nimelelewa nayo. Lakini nilikuwa nimebakiwa na mti mmoja.

"Mume wangu," akasema, maana ndivyo bibi wa huku anavyomtania mjukuu, "leo umeshika jembe? Si utaumwa?"

"Nachimba kichuguu, bibi. Mchwa wako wananimalizia miti."

"Huo mti wako unazaa nini?"

"Kivuli."

"Kivuli unakaanga na chumvi?"

Sikucheka. Nikainua jembe. Akatandika kanga yake ubavuni mwa kichuguu, akakaa, akanyoosha miguu.

"Chimba. Anzia hapa nilipokaa."

Majirani walishaanza kuchungulia. Mmoja akapaza sauti: "Muonee huruma bi harusi wako, bwana!" Nikalitupa jembe. "Haya, lea mchwa wako," nikamwambia. "Wajukuu si unao wengine?" Akajibu kwamba wajukuu anao wengi, ila kichuguu ni kimoja.

Mgrevilea wa tatu ulikufa kabla ya mvua. Niliukwangua mpaka siku ya mwisho, kama mtu anayemnyoa maiti ndevu.

Mvua ikanyesha, kumbikumbi wakatoka. Na unajua alichofanya? Aliniita kutoka uani, sauti tamu kabisa: "Mume wangu, mti wako si umekufa? Nipasulie kuni. Nina kumbikumbi wa kukaanga."

Niliukata. Sijawahi kupasua kuni kwa nguvu zile. Kila pigo la shoka lilikuwa na mtu wake kichwani mwangu. Ndani ya shina nusu ilikuwa mti, nusu udongo. Nikazibeba, nikazibwaga mlangoni kwake, kuku wakatawanyika. Hakushtuka. Baadaye akaniletea bakuli mpaka barazani, la moto, chumvi imekolea.

"Kula. Hasira haishibishi."

"Sili."

Kwetu humkatalii bibi chakula akiwa amekishika mkononi. Ni tusi. Nilijua ni tusi, na nilimkatalia makusudi, na mate yananijaa. Akanitazama kidogo, akachota wachache, akawatafuna mbele yangu taratibu, akaondoka na bakuli lake.

Jua la saa nane sasa linanipiga usoni. Mke wangu ananiambia niingize kiti ndani. Siingizi. Na huko uani namsikia bibi akiwaita watoto waje kula.