Mbegu ya Karata

Mume wangu alikuwa akinawa mikono kwa sabuni kabla ya kwenda kucheza karata. Wengine hunawa wakirudi. Yeye alinawa akienda, pale mlangoni, mimi nikimmwagia maji kwa kopo, na kila Jumamosi aliniambia, "Polepole, mama watoto, maji haya yamepanda mlima."

Alijua yamepanda kwa mgongo wangu. Mto wetu uko chini kabisa bondeni. Nilikuwa nikipandisha mtungi wa lita ishirini kwa kamba ya paji la uso, mara tatu kwa siku, na siku ya kufua mara nne. Hadi leo ukinigusa juu ya nyusi utaipata njia ya ile kamba.

Hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya karata, na nataka ijulikane hivyo. Miaka ile ya tisini pesa ya kahawa ilikuwa ikichelewa, na ikifika imekatwa hapa, imekatwa pale, mpaka unajiuliza kama ulichuma kahawa au ulichuma majani. Majirani waliing'oa wakapanda mahindi. Mume wangu hakung'oa. Alisema ataninunulia tangi la mabati, likae chini ya paa, mvua iingie yenyewe, na mimi niachane na lile bonde. Pesa yake ataitafuta kwa kile alichokijua kuliko watu wote wa upande wetu.

Alijifunza karata ujanani mwake, huko Nanyuki, akifanya kazi jikoni kwa hoteli. Wageni walikuwa wakicheza mchezo wa karata wanaouita poka, naye akipeleka chai alikuwa akisimama kidogo nyuma ya viti. Alisimama kidogo hivyo kwa miaka sita.

Mimi nilisoma mpaka darasa la pili tu, lakini majina hayanipotei. Nakumbuka jina la kila mtu aliyekaa kwenye meza yao ya karata, jina la baba yake, na la ng'ombe wake kama alikuwa na ng'ombe. Hapa sitataja hata moja. Wengine siku hizi ni wazee wa kanisa.

Meza yenyewe ilikuwa mtaa wa Majengo, Nyeri mjini, nyuma ya chumba cha fundi wa viatu. Walianza baada ya chakula cha mchana. Adhana ya alasiri ikilia msikitini, mume wangu anainuka, awe anapata, awe anapoteza. Kwa hivyo wakambandika jina la Haji.

"Haji, wewe si wa kanisa? Hiyo adhana inakuitia nini?"

"Inaniita nyumbani. Kuna mtu huko anangojea hesabu."

Huyo mtu ni mimi. Pesa ya kuchezea nilikuwa naiweka mimi. Ya kwanza aliipata kwa kuuza baiskeli yake, akaniwekea mkononi, akasema, "Hii usiione kama pesa. Hii ni mbegu. Haitanunua sukari, haitanunua mafuta ya taa, hata mtoto akilia."

"Na kwa nini nikae nayo mimi?"

"Mkono wangu unajua kucheza, haujui kukataa. Wako unajua kukataa."

"Ndiyo maana ulinioa?"

"Ndiyo, na pia chai yako."

Kwa sababu kuandika kulinishinda, nilirarua leso kuukuu nikafunga ile pesa kwa vifundo ishirini, kila kimoja sawa na kingine. Jumamosi moja, kifundo kimoja. Kikiisha, anarudi nyumbani, hata kama ndio kwanza wameketi. Akipata, tunagawa: nusu inafungwa vifundo vipya, nusu inaingia kwenye kopo la tangi. Vifundo vikishuka chini ya kumi na tano, haendi kwa fundi wa viatu. Anaenda kwa vijana wanaochezea sigara, anakaa huko mpaka mbegu ipone. Na vikifika thelathini, ndipo anaweza kujaribu meza ya Kagio, ya wauzaji wa mchele, na huko aende na viwili tu. Hizo sheria alizitunga yeye. Kazi yangu ilikuwa kuzikumbuka.

Alijaribu kunizunguka, sitadanganya.

"Ongeza kimoja, mama watoto. Leo kuna mtu ameuza ng'ombe, na hajui kucheza hata kidogo."

"Basi kama hajui, kimoja kinatosha."

Alicheka akaenda. Sadaka ya kanisa sikuitoa kwenye ile pesa hata siku moja. Niliogopa kuulizwa imetoka wapi.

Ninachokitamani mpaka leo ni saa yake ya kurudi. Nitakuwa nimepanda kutoka mtoni, niko kwenye njia ya juu, naiona ile kofia yake inakuja. Ikiwa imesukumwa nyuma, amepata. Ikiwa imenyooka, amepoteza. Na tukifika pale ambapo ua wa jirani unaficha njia, anatazama nyuma, anatazama mbele, halafu anaupokea mtungi wangu na kuubeba begani. Mwanaume wa kwetu kubeba maji wakati ule ilikuwa ni kichekesho cha soko zima, kwa hivyo alibeba pale tu, hatua kama hamsini, akanirudishia. Hatua hamsini hizo nilikuwa nikizingojea wiki nzima.

Nyumbani anakunywa chai huku akinichezea mchezo wote tena. Anakuwa fundi wa viatu, anakuwa dereva wa lori, anakuwa yule mwenye duka ambaye akiwa hana kitu mkononi hujikuna sikio. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nikikutana na yule mwenye duka njiani nilikuwa natazama sikio lake kwanza, ndipo namsalimia.

Ilituchukua miaka mitatu vifundo kufika thelathini. Kopo la tangi nalo lilikuwa na nusu ya bei. Ilikuwa mwezi wa tatu, mawingu yameanza kuufunika mlima. Akanawa mikono, nikampa viwili, akaenda Kagio. Angelala kwa dada yake, mjane mwenye shamba karibu na soko, halafu arudi.

Kesho yake asubuhi akaja mama mmoja wa kwetu, ambaye hununua nyanya Kagio kuja kuziuza Nyeri.

"Mama, mzee wako ni mzima. Ameniambia nikuambie umtumie mbegu."

"Mbegu?"

"Ati yote. Ati usibakishe. Naenda na gari ya saa nane, kesho saa nne atakuwa nayo."

"Yote kabisa?"

"Mimi niko na mdomo tu, mama. Ndivyo amesema."

Nikaudhika kidogo. Huyo dada yake, msimu uliopita maharagwe yake yaliliwa na wadudu, hiyo nilijua. Lakini kumpa yote, na sisi tupande nini? Halafu nikasema, huyu mwanaume ana moyo mkubwa, acha nisiwe mimi wa kumwaibisha mbele ya dada yake. Nikashusha gunia la mbegu ya maharagwe niliyokuwa nimeichagua moja moja na kuichanganya na majivu isiingiwe na wadudu. Nikashona mdomo wa gunia. Tukalibeba mimi na yule mama mpaka barabarani.

Vile vifundo sikuvifikiria hata mara moja. Watu wakisikia hii habari hawaamini, wanasema nilijifanya sielewi. Sikujifanya. Sheria ilikuwa viwili kwa Kagio, na aliyeiweka ni yeye. Kwamba mtu yule anaweza kuomba vyote, hilo halikuwa na mahali pa kuingilia kichwani mwangu.

Yaliyotokea Kagio alinieleza mwenyewe. Vifundo viwili viliisha kabla ya saa saba mchana. Muuza mchele mmoja aliweka pesa nyingi mezani mpaka mume wangu akaogopa akatupa karata zake, halafu yule mtu akafunua karata zake kwa dharau: hakuwa na kitu. Mume wangu hakuinuka kwenda kwa dada yake. Akawaambia wamngojee mpaka keshokutwa. Wakamngojea. Siku hiyo saa nne yule mama akafika, akalitua gunia kando ya meza. Mume wangu akaukata uzi mbele ya watu wote, akaingiza mkono, ukatoka mweupe kwa majivu.

"Mzee wa Nyeri ametuletea githeri!"

"Weka maharagwe mezani, mzee, mimi naongeza mahindi!"

"Mwite na mama apike!"

Alisema alicheka kuliko wote, mpaka akaketi kwenye lile gunia. Halafu akampelekea dada yake, na dada yake akalia kwa furaha.

Alifika nyumbani mchana. Kofia alikuwa ameishika mkononi.

"Mama watoto, ulinitumia nini?"

"Mbegu. Si ulisema mbegu?"

Akanitazama sana. "Ndiyo. Nilisema mbegu."

Halafu akaniambia yote. Nikaketi. Yeye akaingia ndani, akavitoa vifundo ishirini na vinane, akavifungua kimoja kimoja kitandani, akaimwaga pesa yake pamoja na ile ya kopo. Ilitosha tangi. Ikabaki kidogo, tukanunua mbegu ya maharagwe sokoni, mbaya, iliyotobolewa na wadudu.

Tangi lilikuja kabla ya mvua. Usiku wa mvua ya kwanza maji yalianza kuingia, na asubuhi sikushuka bondeni. Nilisimama uani nikiwa sijui mikono niiweke wapi. Nilimshukuru Mungu, na ninamshukuru bado.

Lakini Jumamosi ikafika, na mume wangu hakunawa mikono. Akakaa uani, akachonga mpini wa jembe. Jumamosi nyingine vilevile. Tukawa na mipini mingi kuliko majembe. Nikamwambia, "Nenda hata ukawatazame tu. Nitakufungia kifundo kimoja, tuanze tena."

"Tuanze kwa ajili ya nini? Tangi si lile?"

Hakuwa na hasira, hakuninyima kitu. Alikuwa mtu mwema, mwangalifu, wa maneno machache. Nilikuwa na maji mlangoni, na sikuwa tena na mtu wa kuniigizia yule mwenye duka.

Ile miaka ya tisini ikielekea kuisha, aliugua. Siku moja mchana, hospitalini, nikiwa namkata kucha, nikamwuliza kile nilichokuwa nacho moyoni muda mrefu.

"Kama ningekuelewa nikakutumia zile pesa, ungepata?"

"Ningepoteza zote."

"Unasema hivyo ndio nisijisikie vibaya."

"Nilijua nitapoteza wakati ule ule nilipomtuma yule mama."

"Kama ulijua, uliziitia nini?"

Nikamaliza mkono mmoja. Akasema, "Nilikuwa nimechoka kuwa mwangalifu."

Nikashika mkono wa pili. Miaka mitatu nilikuwa nimekaa juu ya zile sheria kama kuku juu ya mayai, nikijisifu, na hakuna siku niliyomwuliza kama anachoka. Naye hakusema. Angeniambia akiwa bado na nguvu, ningepanda naye gari mpaka Kagio, niketi nyuma ya kiti chake, nimwache acheze vibaya siku nzima mpaka aseme basi, twende nyumbani.