Mpunga wangu ulipoiva peke yake Bugarama

Wakuu, salaam kwenu nyote, wenye mashamba na wenye kula tu.

Mimi humu ni msomaji, siyo mwandishi. Shule niliishia darasa la sita, na Kiswahili changu ni cha huku Rusizi, kwa hiyo mkiona kimepinda nivumilieni. Ninachoandika ndicho kilichotokea. Pale nisipokuwa na uhakika nitasema sina uhakika.

Nimechoka, ndiyo maana naandika. Nikimweleza mtu kwa mdomo naishia katikati.

Iko hivi.

Ninalima mpunga Bugarama, kwenye lile bonde la joto, barabara ya kwenda Ruhwa. Nina jaruba moja. Hilo moja ndilo linatulisha mimi, mke wangu Maman Zuhura na watoto, ndilo linalipa mituweli, bima yetu ya matibabu, ndilo linalipa shule. Likienda vibaya hakuna la pili.

Misimu michache iliyopita tuliitwa kwenye mkutano wa koperative, ushirika wetu wa wakulima. Tukakuta wageni. Kulikuwa na mtafiti wa mbegu, dada mmoja mpole. Kulikuwa na agronomu, yaani bwana shamba wa sekta yetu, mwenye mashine ya kukoboa, mtu wa benki, na watu wa proje, wale wa mradi, wenye kofia zinazofanana. Na sisi wakulima, viti vya nyuma.

Wakasema kuanzia leo sote ni jukwaa moja. Kwamba zamani mtafiti alifanya lake, mfanyabiashara lake, na mkulima analetewa tu. Sasa tutakaa pamoja, kila mtu aseme shida yake, dawa itafutwe na wote.

Mimi habari ile niliipenda. Naipenda hata leo. Sitaki mtu amalize uzi huu aseme nimewatukana wale watu.

Shida tuliyoitaja ilikuwa moja. Mpunga wetu unachelewa. Unakaa shambani mpaka maji ya mfereji yanapungua mwishoni, na punje zinabaki nusu tupu.

Mtafiti akasema anayo mbegu inayoiva mapema, wiki kadhaa kabla ya yetu. Mwenye mashine akashika punje, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akasema hii haitavunjika kwenye mashine. Agronomu akauliza magonjwa, akajibiwa vizuri. Kwa kweli kila mmoja alifanya kazi yake.

Ikabaki nani ataijaribu.

Huku kwetu mtu hakatai mbele ya mgeni. Anatazama viatu vyake. Basi Mzee Anastazi, ambaye jaruba lake limepakana na langu, akanigonga na kiwiko.

"Papa Zuhura, weye njo kijana. Tangulia, siye tutaona."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Jaruba langu liko karibu na barabara, na wale wa proje walitaka shamba la mfano ambalo mgeni ataliona bila kuchafua viatu. Nikasema sawa.

Sijui kama ulikuwa ujasiri au aibu ya kutazamwa. Nikijipima vizuri naona ilikuwa aibu.

Nyumbani nikamwambia Maman Zuhura. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa.

"Na bengine?"

"Wengine wataona kwanza."

"Aa. Njo kusema siye tunaonja mboga. Tukikosa kufa, bengine batakula."

(Amesoma hapa sasa hivi juu ya bega langu. Anasema hakusema kwa ukali hivyo. Mimi nakumbuka hivyo. Wekeni yote mawili.)

Tukapanda. Wakuu, mpunga ule ulipendeza. Ulisimama sawasawa, na masuke yakatoka wakati ya majirani bado ni majani matupu. Watu walikuwa wanasimamisha baiskeli barabarani kuangalia. Nikawa natembea kwenye matuta yangu mikono mgongoni, kama perezida wa koperative.

Kisha wakaja ndege.

Kwa ambao hawalimi mpunga, nieleze kidogo. Vile vindege vidogo vinapenda punje ikiwa bado laini, ukiibonyeza inatoa maziwa. Kawaida bonde zima linatoa masuke wakati mmoja. Unapiga kopo, ndege wanahamia kwa jirani. Jirani anapiga yowe, wanahamia kwa mwingine. Kila mtu anapoteza kidogo, hakuna anayepoteza chote. Hatujawahi kukaa kikao juu ya jambo hilo. Tunapanda pamoja kwa sababu maji yanakuja pamoja, basi, na hasara inagawanyika yenyewe.

Msimu ule bonde zima lilikuwa kijani, na maziwa yalikuwa kwangu tu.

Ukiwafukuza wanapanda juu wote, wanazunguka, wanatafuta pa kushuka, hakuna. Wanarudi palepale. Nadhani hata wao walichoka.

Tulifukuza kuanzia alfajiri mpaka magharibi. Nilifunga kamba zenye makopo. Nikachukua kaseti za zamani za shemeji yangu, za muziki wa Kilingala, nikatoa utepe wake nikaunyoosha kutoka mti mpaka mti, ulie kwa upepo. Siku ya kwanza waliogopa. Siku ya pili walikaa juu yake.

Watoto sikuwatoa shule. Serikali imekataza watoto kufukuza ndege na mimi nakubaliana nayo, hata siku zile nilikubaliana nayo, ingawa kwa shida. Tulibaki wawili. Sauti ya Maman Zuhura ilikauka kabisa, akawa anagonga sufuria tu. Jioni tukirudi nyumbani tulikuwa tunaongea kwa mikono.

Najua kuna mkuu ataniuliza kwa nini sikufunika na wavu. Ni swali la haki. Wavu wa kufunika jaruba zima mimi sina, na koperative yetu haina. Niliazima chandarua cha jirani, kikafunika kona moja. Ile kona tulivuna vizuri sana.

Na majirani? Niwatendee haki. Mpunga wao ulikuwa unataka palizi, hawakuwa wamekaa bure. Mzee Anastazi alikuja asubuhi mbili tatu kunisaidia kupiga yowe, na umri wake ule. Hakuna aliyemlazimisha.

Mtafiti naye nilimpigia simu, akaja. Alivua koti akafukuza ndege pamoja nasi asubuhi nzima, matope mpaka magotini. Halafu akakaa kwenye tuta.

Akasema, "Kituoni kwetu majaribio yote yako chini ya wavu. Ndege hawakuwahi kuingia kwenye hesabu zangu."

Nikamwambia, "Dada, mimi nimekulia ndani ya kelele za ndege hawahawa. Hata mimi hawakuingia kwenye hesabu yangu."

Na ni kweli. Mbona sikuwaza? Mbona hakuna mkulima hata mmoja aliyewaza, ukumbi mzima? Labda kwa sababu ndege walikuwa wa wote siku zote, hatukujua mtu mmoja anaweza kuwa nao peke yake.

Ikaja siku ya wageni kutembelea shamba la mfano. Nilijua hapo wataona wenyewe. Yakaja magari, spika, watu wengi, ngoma kidogo. Wakuu, kwa kelele zile hakushuka ndege hata mmoja. Mgeni mmoja akaniuliza, kwa heshima tu, "Hao ndege wenyewe wako wapi?" Maman Zuhura akacheka bila sauti mpaka akakaa chini. Picha zilizopigwa siku ile ni nzuri kweli. Mimi nimo, nimeshika suke ninatabasamu. Suke lenyewe lilitoka kwenye ile kona ya chandarua.

Tulipovuna, miganda ilikuwa myepesi mikononi kama nyasi kavu. Kilichopatikana hakikufikia hata kupelekwa mashineni. Maman Zuhura alitwanga mwenyewe kwenye kinu. Tukala mpaka ukaisha, kisha akaenda kulima kibarua Rwimbogo kwenye mashamba ya watu ili tufike msimu mwingine. Mituweli ilichelewa mwaka ule. Namshukuru Mungu hakuna mtoto aliyeugua sana.

Jukwaa likakutana tena. Nikaitwa niseme. Nilisimama nikasema mbegu siyo mbaya, ilikosa wenzake tu. Nikaomba msimu unaofuata bloki yetu nzima, majaruba yote yanayopakana, ipande mbegu ile siku moja, ili na ndege wagawanyike kama zamani.

Mtafiti akatikisa kichwa haraka kukubali, agronomu naye. Wakawageukia wakulima.

Mzee Anastazi akasimama taratibu.

"Papa Zuhura, na heshima yako. Tulisema tutaona, tukaona na macho. Sasa unataka tuone na matumbo?"

Ukumbi mzima ulicheka. Mimi pia nilicheka, nisiwadanganye. Na ningekuwa kwenye kiti chake ningesema vilevile. Mtu mwenye jaruba moja hawezi kusikia neno "jaribio" akafurahi.

Basi likaisha. Kwenye karatasi kubwa ukutani wakaandika kwamba mbegu haikufaa eneo hili. Baadaye muda wa proje uliisha, mtafiti akahamishiwa mbali, agronomu akapelekwa sekta nyingine. Group la WhatsApp la jukwaa bado lipo. Watu wanatumiana pole za misiba na salamu za sikukuu. Mimi nami hujibu.

Msimu uliofuata nilipanda mbegu ya zamani, kama wote. Tukatoa masuke pamoja. Nilipiga kopo langu, wakaenda kwa Mzee, Mzee akawapeleka mbele. Nilisikia raha ya ajabu, karibu nione haya.

Kisha mvua kubwa ilibomoa mfereji juu huko. Tulitoka kwa umuganda, kazi ya pamoja, kuuziba, wanaume kwa wanawake, lakini ilichukua muda, na mpunga wetu unaochelewa ukabaki na kiu wakati ule ule mbaya wa kujaza punje. Bloki nzima tulivuna makapi. Ile ya mapema ingekuwa imeshaingia ndani ya gunia. Hili nina uhakika nalo, nalisema bila furaha.

Jioni moja Mzee Anastazi akaja nyumbani. Maman Zuhura akamtolea kiti, hakukaa.

"Papa Zuhura. Ile mbegu iko bado?"

"Tulikula, Mzee."

"Yote?"

"Yote. Hatukuwa na kingine."

Akazungusha kofia yake mikononi. Sikujua kama nimpe pole au anipe mimi. Kisha akauliza, polepole, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa:

"Ilikuwa tamu?"

Maman Zuhura ndiye aliyemjibu. "Ilikuwa tamu sana, Mzee."

Akavaa kofia yake akaondoka.

Wakuu, nilichojifunza sijui kama ni kikubwa. Kuna vitu mtu mmoja anaweza kujaribu kwa niaba ya wengine: dawa ya mende, jembe jipya, njia ya mkato. Na kuna vitu ambavyo mtu mmoja akivijaribu, tayari vimekuwa kitu kingine. Mbegu ya mapema ni ya namna hiyo. Jukwaa lilituweka kwenye ukumbi mmoja, halafu likampeleka mtu mmoja shambani. Na sisi wakulima ndio tuliomsukuma kwa kiwiko, na mimi ndiye niliyekubali. Sioni wa kumlaumu.

Ila swali bado linaniamsha. Watu wenye jaruba moja moja, nani awashawishi wapande wote siku moja kitu ambacho hakuna aliyekiona? Na kikienda vibaya, nani atawalisha?

Wenye bonde kama letu, huko kwenu mlifanyaje? Waliolima mbegu ya mapema peke yao na wakavuna, nao waseme, nikubali kwamba nilikosea. Hata mkinicheka, andikeni. Maman Zuhura atasoma pia.