Kasimile ya Bibi na Vidonge Vyangu

Niliporudi Unguja na diploma yangu ya uchanganyaji dawa, katikati ya miaka ya hamsini, hapakuwa na kijana mwengine wa Kikwajuni aliyekuwa nayo. Nalisema hili wazi kwa sababu hakuna aliyenipa. Baba alibeba magunia bandarini mpaka akafa. Mimi nilianza kwa kuosha chupa katika duka la dawa la Mji Mkongwe, nikajifunza Kiingereza kwa kusoma vibandiko vya chupa hizo hizo, kisha nikaenda Uingereza nikifanya kazi ya jikoni melini. Mchana nilisoma, jioni nilikosha sahani, na mitihani ilipokuja niliwapita vijana ambao baba zao walikuwa madaktari.

Kilichonisukuma ni mdogo wangu wa kike. Alikuwa na kifafa tangu ana miaka saba. Nilimwona akianguka kisimani, akianguka arusini kwa watu, akiokotwa mdomo umejaa povu na ukaya wa kichwani umejaa mchanga. Siku ya safari nilimwahidi kwamba nikirudi nitarudi na dawa yake. Basi nilirudi nayo, chupa nzima ya vidonge vya fenobabitoni, na wiki ile ile nikapanda gari la Kizimkazi, alikokuwa akiishi na bibi yetu tangu mama alipofariki.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Umenenepa wewe au ni hilo koti?"

Mdogo wangu alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Alikuwa ameshafika miaka ishirini. Nilitegemea kumkuta amechakaa, na nilikuta macho makavu, mikono imara. Nikauliza anaanguka mara ngapi kwa wiki.

"Hajaanguka tangu Mfungo Nne," alisema bibi.

Huo ulikuwa Mfungo Tisa. Miezi mitano! Nikamtazama mdogo wangu, naye akatikisa kichwa kukubali.

"Nani kampa dawa?"

"Dawa gani? Nimekinyima chakula." Bibi alizungumza kama anayeeleza jinsi ya kufukuza kunguru. "Aliugua homa, akalala siku nyingi hali kitu ila maji. Na zile siku zote hakuanguka. Nikasema, kumbe hiki kifafa kina tumbo. Alipopona homa nikakinyima wali, nikakinyima muhogo, ndizi, tende, sukari. Na yeye asife na njaa nikampa samaki, pweza, mayai, mchicha, na kasimile."

Kasimile ni lile tui la kwanza, zito, kabla nazi haijatiwa maji ya pili. Mdogo wangu alikuwa akilinywa kwa kikombe, asubuhi na jioni, na mafuta ya nazi yakielea juu ya mchuzi wake kidole kizima.

Nilicheka. Nakumbuka nilicheka mpaka nikavua miwani.

"Bibi, mtu si taa ya kutiwa mafuta."

"Na taa yako wewe inawaka?"

Nilimpima mdogo wangu mapigo ya moyo, kama nilivyofundishwa. Nilipomkaribia niliona pumzi zake zinanukia utamu mkali wa ajabu, kama embe lililopitiliza kuiva. Nikamwambia apige mswaki vizuri, mafuta yamemkaa kooni. Siku ya pili nikamchukua mjini. Bibi hakupinga. Alisema tu, "Wewe ndiye msomi." Nililipokea neno hilo kama haki yangu.

Kikwajuni nilikuwa nimepanga vyumba viwili kwa mama mmoja mjane, mkarimu kupita kiasi. Alipomwona mdogo wangu alishika kidevu.

"Mwari wangu huyu mbona kakauka hivi? Shamba mnamlisha upepo?"

Nikamwambia amlishe vizuri, na alilifanya hilo kwa moyo wake wote. Asubuhi mkate wa boflo na chai iliyojaa sukari, saa nne uji, mchana wali, jioni ndizi mbivu, na visheti katikati wakati wowote. Mimi nilimpa kidonge asubuhi na kidonge jioni kwa mkono wangu mwenyewe. Katika duka la dawa nilikoanza kazi niliwaambia wateja kuwa kifafa sasa kina dawa, waje wamwone mdogo wangu. Wapo waliokuja.

Wiki ya pili aliniambia, "Kaka, nnasikia kichwa kinataka kuja."

"Kichwa gani?"

"Kile cha zamani. Naomba kasimile."

"Hiyo ni hamu ya shamba. Itapita."

Siku ya tatu yake akaanguka uani. Nikaongeza kidonge. Wiki iliyofuata akaanguka mara mbili. Nikaongeza tena. Sasa alikuwa akitembea kwa kushika ukuta, maneno yake yanakuja polepole, anasinzia na kijiko mkononi, na bado anaanguka. Sikuelewa. Dawa ile nilikuwa nimeona inasaidia watu kwa macho yangu, hospitalini, ng'ambo. Nikadhani chupa ina hitilafu, nikafungua nyengine. Ikawa vile vile.

Halafu ikaja asubuhi ile. Nilikuwa dukani napima chumvi ya haluli, ile ya kusafisha tumbo, kwenye mizani, nikasikia mtu anakimbia kichochoroni na sauti inamtangulia.

"Mwenye diploma! Mwenye diploma yuko wapi? Njoo uone dawa yako!"

Alikuwa mama mwenye nyumba, bila buibui, kanga moja begani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mjini hata siku moja maishani mwake. Mdogo wangu alikuwa akichemsha maziwa, kifafa kikamkuta, akaangukia seredani yenye makaa ya moto.

Nilikimbia. Sijui nilipita wapi. Nilimkuta amelala kwenye mkeka, mkono wake wa kulia umefunikwa na kitambaa chenye maji. Nilipokifunua, ngozi ya kiganja ilikuja nacho. Nikakaa chini pale pale kwenye maji, mbele ya wanawake wa uani, mimi ambaye nilishaona mikono iliyokatika ya mabaharia bila kupepesa jicho.

Hospitali walimfunga mkono, wakaniambia vidole vitapona ila viwili huenda vikajikunja. Nilimrudisha nyumbani, nikafungua sanduku langu, nikatoa madaftari ya masomo. Nilitaka kujua mwisho wa kipimo cha ile dawa, niweze kuongeza bila kumwua. Nikatafuta somo la dawa za neva, nikapekua. Upande wa pili wa ukurasa niliokuwa nautafuta nikaona mwandiko wangu, wino wangu wa buluu, ulionyooka na safi.

Nilikuwa nimeandika kwamba kabla ya dawa mpya za kifafa kuenea, hospitali ziliwanyima wagonjwa chakula kwa siku kadhaa, kisha zikawapa chakula cha mafuta mengi sana, wanga na sukari kidogo kabisa. Kwamba mwili ukikosa wanga, ini huyachukua mafuta likayageuza kuwa vitu viitwavyo ketoni, na kwa wagonjwa wengi ketoni zikijaa damuni kifafa hupungua. Kwamba dalili yake ni harufu tamu ya asetoni katika pumzi, na kwamba mgonjwa akipewa sukari, kinga hiyo hupotea upesi. Pembeni nilikuwa nimeandika neno moja na kulipigia mstari: *Kizamani*.

Nilisoma tena. Nikasoma mara ya tatu kwa kidole, kama mtoto wa chuo cha Kurani. Swali lile lilikuja katika mtihani! Nililijibu! Mwalimu alilisoma jibu langu mbele ya darasa!

Na asetoni. Nilikuwa nikiimimina kila wiki dukani kwa mafundi wa rangi. Naijua harufu yake hata nikiwa usingizini. Niliinusa kwenye pumzi za mdogo wangu Kizimkazi, umbali wa shibiri moja, nikamwambia apige mswaki.

Nilitoka uani. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshika bakuli.

"Nampelekea uji, apate nguvu."

"Usimpe!"

Nilipiga kelele kiasi cha kumfanya auangushe. Alinitazama, akatazama uji chini, akasema, "Leo umepata wazimu na wewe?" Nilimwomba radhi. Nilimwuliza kama ana nazi.

Asubuhi yake tulirudi Kizimkazi, mdogo wangu ameegemea bega langu. Bibi aliutazama mkono uliofungwa, akamwingiza ndani. Alasiri nilipomweleza kuhusu daftari aliniacha nimalize.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua."

"Nilikuwa nimeandika, bibi."

"Alaa. Basi ni vibaya zaidi."

Vidonge havikuachwa ghafla. Kwa hilo nalishukuru daftari, maana kuacha dawa ile kwa siku moja kunaweza kuleta kifafa kisichokatika mpaka mtu afe. Nilivipunguza robo kwa robo, na kila Ijumaa nilikwenda Kizimkazi. Ijumaa ya kwanza nilichukua chupa ndogo za dukani. Ukichukua mkojo wa mgonjwa, ukatia unga fulani mwekundu na kisha amonia, kama ketoni zimo maji hugeuka zambarau. Mdogo wangu alinipa mkojo kwenye kikombe kilichovunjika, kwa aibu. Bibi alinikuta nimechuchumaa nyuma ya nyumba na kichupa changu cha kioo.

"Astaghafiru! Ng'ambo ulikwenda kusomea mikojo?"

"Subiri uone, bibi."

"Sitaki kuona. Na utaoga kabla hujaingia ndani mwangu."

Lakini hakuondoka. Nikatia amonia. Rangi ilianza pembeni kama moshi, ikaenea, ikawa zambarau nzito ya bilingani. Nilisisimka mwili mzima. Kile alichokijua bibi kwa kumtazama mtu aliyelala na homa, kilikuwa pale mbele yangu ndani ya kioo, kikithibitishwa na chupa zangu mwenyewe. Bibi aliinama, akatazama.

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo kasimile yako, bibi. Imegeuka."

"Mimi nilikwambia bila ya hiyo," alisema, akaenda kuanika dagaa.

Miaka mingi baadaye, wataalamu walikuja kuonesha kwamba ubongo, ambao sote tulifundishwa kuwa haujui kula ila sukari, unaweza kuishi kwa ketoni zinazotokana na mafuta. Wakaja kugundua pia kwamba mafuta ya nazi hugeuzwa na ini upesi kuliko mengi mengine. Niliposoma hayo nilisimama katikati ya chumba peke yangu. Kwa nini hasa kifafa hutulia, mpaka leo wanabishana. Nami nasema bila haya kwamba katika kisiwa kizima ni mimi niliyeweza kuyaeleza mambo yale kwa majina yake. Lakini mkono wa mdogo wangu ulikuwa umeshaungua.

Alianguka mara moja zaidi, wiki ya tatu, kidogo tu. Baada ya hapo ukapita mwezi, ukapita wa pili. Alikuwa bado anameza nusu kidonge jioni, na hakuwa tena anashika ukuta. Mwezi wa tatu nilifika na mizani ya duka ndani ya mfuko na nafasi mbili za gari la kurudi mjini. Nilikuwa nimepanga kila kitu. Nitampimia mafuta kwa uzani, samaki kwa uzani, nitampima mkojo kila asubuhi, nitamwandikia daftari lake. Atakuwa mgonjwa atakayetunzwa kuliko wote Unguja.

Nilimweleza hayo tumekaa barazani. Alinisikiliza huku akinyoosha vile vidole viwili kwa mkono wa kushoto, zoezi walilompa hospitali.

"Kaka, siku ile nilikwambia kichwa kinakuja."

"Ndiyo."

"Nilikwambia nataka nini."

"Ndiyo. Nimekosa. Lakini sasa nimeshajua, sasa mimi—"

"Sasa umejua, na hujaniuliza tena."

Nilikuwa nimezoea kuulizwa na watu mchana kutwa, kibandiko hiki kinasema nini, kijiko kimoja au viwili, na haikunipitikia hata mara moja kwamba yeye naye alikuwa na la kusema kuhusu kichwa chake.

"Unataka kukaa wapi?" nilimwuliza. Sauti yangu niliisikia ngeni.

"Hapa. Nusu kidonge nitameza mpaka utakaponambia basi. Mikojo utapima ukija. Lakini mjini siji, na chakula changu hakipimwi kwa mizani."

Gari likapiga honi chini ya msikiti. Nilimpa mdogo wangu vidonge vya mwezi mmoja. Alivipokea kwa mkono wa kulia, ule ulioungua, akavifunga kwenye pindo la kanga. Nikateremka peke yangu.

Kondakta aliniuliza mwenzangu yuko wapi.

"Hatokuja," nilimwambia. "Amekataa."