Babu Yuko Darasa la Sita

Juzi binti yangu alifungua sabuni mpya ya kunukia bafuni, harufu ikanifuata mpaka jikoni, nikajikuta nimesimama na mwiko mkononi nacheka peke yangu. "Mama, una nini?" Nikamwambia nimemkumbuka mjukuu wangu wa Kimarekani. Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyepandwa na malaria kichwani, akarudi kwenye simu yake. Basi nawasimulia ninyi.

Mliokuwepo miaka ile ya foleni mnajua sabuni ilikuwa nini. Pale mtaani kwetu Nyasho, Musoma, tulifulia majani ya mpapai, na mwenye kipande cha sabuni ya mche alikificha kama dhahabu. Halafu biashara ikafunguliwa, vitu vikaanza kuingia kupitia mpakani Sirari, mitumba ikajaa sokoni Musoma, na wasichana wa darasani kwangu wakaanza kujiita majina waliyoyaona kwenye fulana. Mimi je? Mimi nilikuwa naitwa Habati.

Habati, jina la kiume, na mimi msichana mzima! Wenzangu waligonga madawati wakiimba, "Habati kabati, funga mlango!" Nililia mpaka nikachoka kulia. Lakini kanisani kwetu mtu hubatizwa akishapata akili, anaingizwa ziwani, na akitaka anatoka na jina jipya. Zamu yangu ilikuwa Jumapili iliyokuwa inakuja, na jina nilishachagua: Jenifa. Baba alikubali. Mama yake, Bibi Nyangeta wa kule kijijini Mugango, alipopata habari alituma ujumbe mfupi tu: "Mkimuua Habati, msinialike."

Hakuwa anatania. Kwetu anayerithi jina la marehemu anakuwa ni yeye. Habati wa kwanza alikuwa setla, Mmarekani, aliyekuja enzi za mkoloni akapewa ardhi karibu na Kiabakari, ardhi ambayo, Bibi hakuacha kutukumbusha, ilikuwa na wenyewe. Alipanda pamba na kuchimbachimba dhahabu. Hakuwa malaika, alikuwa akifoka mpaka mbuzi wanakimbia. Baba yake Bibi ndiye aliyemwendeshea mkokoteni wa ng'ombe. Homa ilipomuua setla yule, hakuonekana mke wala mtoto wa kumlilia, basi mzee akampakia kwenye mkokoteni uleule mpaka Mugango, akamzika uani kwake. Na ukishamzika mtu uani kwako, amekuwa ndugu yako. Mtoto wa kiume aliyefuata kuzaliwa, mdogo wake Bibi, akaitwa Habati. Huyo alipofariki nikazaliwa mimi, na jina likanishukia bila kuuliza mimi ni nani. Ndiyo maana Bibi aliniita baba mdogo, kama ndugu wa baba yake, na nikienda kwake likizo, kichwa cha sato kilikuwa changu kabla ya watu wazima kunawa. Hilo, nakiri, sikulichukia.

Sasa Ijumaa ile nilikuwa nje nasugua masufuria kwa majivu, mara landrova ya mchungaji wa Mugango hiyo hapo, inasimama mbele ya nyumba yetu. Kiti cha mbele, Bibi, na kanga yake ya kanisani! Nyuma akashuka mama mmoja Mzungu, mtu mzima, uso mwekundu kwa kulia. Watoto wa mtaa mzima wakaja mbio. Mimi moyo ulinienda mbio kuliko wao. Nikajua tu: nimefuatwa na watu wa yule setla, naenda Marekani.

Kumbe ilikuwa hivi. Mama yule, Doroti, alikuwa anatafuta habari za babu yake, setla Habati. Alianzia kuuliza Bunda, akaelekezwa Kiabakari, Kiabakari wakamtuma Mugango. Pale mchungaji, ambaye alikuwa mgeni kwetu, ametoka mkoa mwingine, akamuulizia kwa watu: mnamfahamu Habati?

"Habati? Si yuko Nyasho!"

"Yu hai?"

"Mzima kabisa! Juzijuzi alikuwa hapa, kala samaki."

Mchungaji akatafsiri neno kwa neno. Maskini Doroti! Babu mwenyewe angekuwa na zaidi ya miaka mia. Akalia njia nzima kwa furaha, na Bibi akampigapiga mgongoni akimwambia atamwona sasa hivi.

Bibi akanisukuma mbele na mikono yangu ya majivu. "Haya, mwambie babu yake huyu hapa."

Mchungaji akafungua mdomo, akaufunga. "Bibi, huyu ni mtoto. Ni mwanafunzi."

"Ndiyo, yuko darasa la sita. Tunamwitaga Habati tangu azaliwe. Mwambie basi!"

Mchungaji akaeleza kwa Kiingereza kirefu, anajifuta jasho. Nikaona uso wa yule mama unavyoanguka. Niliona aibu, jamani, kama vile mimi ndiye niliyemdanganya. Akauliza kitu kwa sauti ndogo.

"Anauliza," mchungaji akasema, "kama babu yake alikufa peke yake."

"Peke yake vipi na sisi tulikuwepo?" Bibi aliudhika kweli. "Kaburi liko nyumbani, nitamwonyesha. Ila kule kaburini ataita mpaka achoke, hataitikiwa. Huyu amwite aone."

Doroti akanitazama. Akasema, kwa lafudhi ya ajabu, "Habati?"

Na mimi, kwa mazoea tu, "Abee!"

Acha bwana! Alipiga magoti pale vumbini, akanishika mikono na majivu yake, analia anacheka, anarudia neno moja la Kiingereza. Mchungaji akanitafsiria: "Anakuita babu."

"Sasa nilisema nini mimi?" Bibi akajibu.

Kabla hajapelekwa kaburini Doroti alinipa sabuni ya kunukia kutoka mkobani mwake. Jumapili, nikiwa nanukia mpaka masikioni, niliingia ziwani, na mchungaji wetu aliponiuliza jina nilijibu "Habati!" hata wavuvi wakageuka. Bibi alipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Mnadhani niliguswa moyo? Wapi! Niliona tu kwamba Jenifa hangeletewa mgeni kutoka Marekani.

Nilishakuwa mama wa watoto wangu ndipo yule mchungaji wa landrova, mzee sasa, aliponiambia maneno ambayo Doroti alimweleza garini na yeye hakumtafsiria Bibi. Setla Habati aliondoka kwao Marekani akamwacha mke mjamzito, hakurudi, hakutuma salamu. Mkewe akakataza asitajwe tena nyumbani mle, na hakutajwa. Doroti alilipata jina lake kwa kunong'onezwa na shangazi.

Kwa damu yake mwenyewe, jina lile lilikuwa haliruhusiwi kutamkwa hata mezani. Kwetu sisi aliotufokea na kukalia ardhi yetu, liliitwa kila asubuhi: Habati, amka ukachote maji. Na kila asubuhi liliitika.