Ubeti Uliorudiwa

Mwezi uliopita nilikwenda Dar es Salaam kuwasikiliza vijana wanaosomea uimbaji wa opera. Waliimba mmoja mmoja, wamesimama kando ya piano, nyimbo za zamani za Ulaya. Kabla hawajaanza, mwenyeji alituomba tuzime simu na tusipige makofi mpaka wimbo uishe. Tukatii. Ukumbi ulitulia hata nikasikia feni zikizunguka. Lau ungekuwa umekaa karibu nami, ungedhani nasikiliza. Kumbe nilikuwa nimesharudi nyumbani, vilimani, bara ya Kilwa, kwenye benchi la misheni, ubavuni mwa bibi yangu.

Kwetu Waislamu na Wakatoliki tulipakana mashamba ya mikorosho na tulizikana. Mtawa mmoja wa Kizungu, ambaye wote tulimwita Sista, aliwafundisha uimbaji vijana wachache wa shule ya misheni. Kila mwaka, msimu wa korosho ukiisha, vijana hao waliimba mbele ya watu katika ukumbi wa parokia. Tulikwenda sote, vidole vyetu bado vyeusi kwa mafuta ya maganda ya korosho, tumebeba kwenye vikapu ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini. Tuliimenya na kuila polepole wakati Sista akieleza kwa Kiswahili kila wimbo unahusu nini. Bibi alitosheka na maelezo hayo.

"Huyu kaachwa na mume," alininong'oneza siku moja, binti mwembamba alipoanza kuimba.

"Na Wazungu nao huachwa?" akauliza mama mmoja nyuma yetu, na benchi zima likatikisika kwa kicheko cha kubana.

Mwimbaji tuliyekuwa tukimwendea hasa ni binti wa jirani. Mama yake alifariki yeye angali ananyonya, na bibi ndiye aliyemlea pamoja nasi mpaka baba yake alipooa tena. Hata baada ya hapo alikuja jikoni kwetu kila alfajiri, akimenya mihogo huku akipandisha na kushusha sauti kama Sista alivyomwagiza. Wanaume waliopita kwenda shambani walimtania bibi kwamba jogoo wake amekomaa, amchinje. Bibi aliwajibu, bila kuinua kichwa, kwamba jogoo wake anakwenda chuoni, na wao waende wakapalilie.

Na kweli ilikuwa karibu aende. Mwaka huo Sista alimwalika mgeni, mwalimu wa chuo cha muziki cha ng'ambo, aje asikilize na achague kijana mmoja wa kwenda kusomeshwa. Hatukuwa na shaka atakuwa nani. Bibi alivaa doti mpya, kanga moja kiunoni na moja mabegani, akakaa benchi la mbele.

Hapa inabidi nikueleze desturi yetu, maana siku hizi haionekani sana. Katika ngoma zetu, mwimbaji akikugusa moyo hungoji amalize. Unainuka, unamwendea, unamtunza kwa ulicho nacho. Naye hapiti kana kwamba hakukuona. Hupiga goti, akaurudia ule ubeti toka mwanzo, ili uwe wako.

Wimbo wake wa mwisho, Sista alisema, ni wa mama anayembembeleza mtoto ambaye ameshakufa, na yeye hajui. Binti alianza kwa sauti ya chini sana. Ming'oko ikasahauliwa mapajani. Katika ubeti wa pili nilimwona bibi anafungua kanga ya mabegani. Akainuka, akatembea mpaka mbele, akapiga kigelegele kimoja kirefu na kumfunika binti mabegani.

Binti akapiga goti. Piano ikaendelea mbele bila yeye, kisha ikasimama, kwa kuwa Sista, aliyekuwa akiipiga, aliinua mikono. Na katika kimya kile, bila chombo chochote, binti aliurudia ubeti toka mwanzo, akimtazama bibi usoni. Miaka mingi baadaye nilijifunza kusoma noti kwa vitabu vya kuazima, na nimesikiliza waimbaji wengi. Sijausikia tena uimbaji ule.

Mgeni alimchagua kijana mwingine. Katekista ndiye aliyetuletea habari: mgeni alikiri kwamba sauti ipo, ila alisema binti haushiki wimbo, anapotezwa na watu. Bibi alikaa kwenye mkeka, ungo wa mchele magotini, asipepete. Binti alipoingia na kumwamkia shikamoo, bibi hakuitikia marahaba.

"Ningekaa tu," alisema. "Mwanangu, kwa nini hukuniacha nikasimama, ukaendelea na wimbo wako?"

"Nilijua piano imeshapita, bibi," binti akamjibu. "Lakini unitunze wewe, nikuache umesimama mbele za watu? Nani kanilea?"

Kisha akauchukua ule ungo, akapepeta.

Bibi hakukanyaga ukumbi ule tena. Binti aliolewa Likawage, akalima, na nilisikia kwamba hata kwenye harusi za wenzake alikaa nyuma na wapishi, asiimbe. Sista alizeeka akarudishwa kwao. Nilipopita misheni mwaka jana, ukumbi ulikuwa umejaa magunia ya korosho, na piano ilikuwa imeliwa na mchwa hadi miguu. Bibi tulimzika zamani. Binti naye ametangulia, na watoto wake waliniambia hawakujua kama mama yao aliwahi kuimba.

Kule Dar es Salaam, msichana wa mwisho aliimba vizuri mno. Katikati ya wimbo wake nilitaka kuinuka, nikatazama huku na huku. Watu wote walikuwa wameketi, mikono mapajani, nami nikaiacha yangu hapohapo. Aliufikisha ubeti mwisho, akaingia unaofuata, na piano ilikuwa naye hatua kwa hatua. Hakuna aliyemfanya aurudie.