Nilimshika Mama Mkubwa Kidole Gumba, Minazi Yake Ikakatwa

Admin, nifichie jina, na kitongoji chetu pia usikitaje, maana huku Mafia tunajuana mpaka kikohozi. Nina miaka thelathini na sita, nimeolewa, nina watoto watatu, naishi si mbali na Kilindoni. Mimi ndiye katibu wa kamati ya majitaka ya kitongoji. Najua mtanitukana. Tukaneni, ila mkimaliza mnisaidie.

Kwetu vyoo ni vya shimo na maji tunachota visimani, na toka choo mpaka kisima ni hatua chache tu. Masika yakiingia mashimo yanafurika, tunakanyaga ya majirani zetu huku tunaulizana habari za asubuhi. Mwanangu wa mwisho alilazwa mara mbili kwa kuhara. Mara ya pili mume wangu alishaanza kuulizia sanda. Kwa hiyo wafadhili waliposema watatuwekea mabomba ya kukusanya majitaka ya nyumba zote na bwawa la kuyasafishia, mradi wananchi tutoe eneo kama mchango wetu, mimi nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Eneo likapatikana, mwenye ardhi akalitoa bila maneno. Lakini kwetu ardhi inaweza kuwa na mwenyewe, na minazi iliyo juu yake ikawa na mwenyewe mwingine. Minazi kumi na mmoja ya pale ilikuwa ya mama mkubwa, dada yake marehemu mama yangu. Huyo ndiye aliyenilea tangu nina miaka minne. Ni mjane, hajui kusoma, na nazi zile ndizo sukari yake na sabuni yake.

Mkutanoni alisimama akasema, "Minazi yangu siitoi kwa ajili ya mavi yenu. Marehemu mume wangu aliipanda kwa mkono wake." Watu wakacheka. Mmoja akapaza sauti, "Kwani wewe bibi hunyi?" Akakaa chini akajifunika kanga usoni. Na mimi nilicheka, sitaki kuwadanganya.

Mwenyekiti wa kamati akanivuta pembeni. "Wafadhili wanataka karatasi isiyo na mgogoro. Yule si mama yako? Kamalizane naye nyumbani."

Nikaenda na karatasi na kidau cha wino. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikamwambia wazee wanaandikishwa wapate kadi ya matibabu ya bure. Hakuuliza hata swali. Alifuta kidole kwenye kanga kwanza kisije kikachafua karatasi, nikakishika mwenyewe nikakigandamiza. Akasema, "Mungu akuzidishie mwanangu, wewe ndiye uliyenikumbuka." Na chai yake nikanywa.

Haukupita muda, siku moja akaenda na mkwezi kuangua nazi, akakuta minazi yote iko chini na wenye misumeno bado wanakatakata. Alipopiga kelele, mwenyekiti akamfunulia karatasi mbele za watu. "Dole lako hili hapa, bibi. Unatusumbulia nini?"

Nilidhani nimekwisha. Kumbe mama mkubwa alikuwa na hesabu zake. Mwanawe wa pekee wa kumzaa, Shaibu, ambaye ni mvuvi, alikuwa amempeleka Kilindoni kusajili laini ya simu, na pale dukani aliwekeshwa kidole kwenye mashine. Shaibu huyo huyo aliwahi kumshauri auze ile minazi. Basi akaniambia, "Kile kimashine ndicho kilichoniibia dole langu. Shaibu kalipeleka kwa kamati. Wewe uliyesoma waonaje?"

Nilijua ni upuuzi mtupu. Nikamjibu, "Labda, mama."

Shaibu alipokuja na samaki wake, mama mkubwa aliwatupa mchangani. Akamwambia, "Maziwa niliyokunyonyesha siyahalalishi. Nikifa usinibebe." Mtu mzima na ndevu zake akapiga magoti analia, anaapa kwamba hajui kitu. Akanitazama mimi nimtetee. Nikajifanya napepeta mchele. Tangu siku hiyo yuko kwenye kambi ya wavuvi, harudi. Mkewe amejifungua, na mama mkubwa hajakwenda hata kumwona mjukuu.

Watu wamempachika jina, wanamwita Bibi Bwawa. Anaomba nusu nazi kwa wale wale waliomcheka, na wanampa huku wanamwita hivyo. Kila nikienda ananiuliza kama kadi yake imetoka. Namwambia mtandao unasumbua.

Bwawa limeshachimbwa, mabomba yameshafika. Nikisema ukweli, karatasi ile haina kazi tena, mradi utasimama, kitongoji kizima kitanitafuna. Na kinyesi kitarudi kwenye kisima anachonywea mwanangu. Hilo mnaonitukana mlifikirie pia.

Sasa ameuza mbuzi wake wa mwisho, anawaita masheikh waje wamsomee Halbadiri, kile kisomo cha kumshtaki kwa Mungu aliyekudhulumu. Ukisomewa wewe, huku kwetu hakuna anayekaa akangoja kuona kitakachompata. Nilijaribu kumzuia, nikamwambia amhurumie Shaibu, ni damu yake. Akanijibu taratibu, "Kama si yeye haitamgusa. Itamfuata aliyefanya, yeye na kizazi chake."

Kisomo ni Alhamisi baada ya swala ya alasiri, uani kwake. Leo ni Jumanne. Ameniomba nikae ubavuni pake kwa sababu mimi ndiye mtoto pekee aliyebaki naye. Na amesema nije na wanangu wote watatu, wamsaidie kuitikia, maana amina ya mtoto hupokelewa upesi.

Wadogo wanaulizana watavaa nguo gani. Nyie wenye mama na wenye watoto, niambieni: niwapeleke?