Kutoka Shavu la Mguu Hadi Ubongo

Mbwa yule alitoka nyuma ya kibanda cha makaa, hakubweka, akaniuma shavu la mguu wa kushoto. Nilikuwa naondoka shuleni, kule Bagira, ninakofundisha biolojia. Mguu ulijivuta wenyewe kabla sijajua kilichotokea, maumivu yalifuata. Wanafunzi wangu wanaijua hali hiyo: habari hufika kwenye ugwe ulio ndani ya uti wa mgongo, na ugwe hutoa amri bila kuungojea ubongo. Ubongo wangu ulipopata habari, nilianza kutetemeka.

Maana niliijua njia ya kichaa cha mbwa. Kirusi huingia kwenye msuli, hushika mshipa wa fahamu, hupanda nao polepole hadi kwenye ugwe, kisha hadi kichwani. Kikifika kwenye shina la ubongo, panapotawaliwa kumeza na kupumua, hakuna daktari wa kumrudisha mtu. Maneno hayo nilikuwa nimeyaandika ubaoni miaka mingi bila woga wowote.

Nyumbani mume wangu alileta beseni na sabuni ya kufulia. Nilimwambia aoshe kidonda, asiache hata nikilia. Kisha akaenda kumtafuta mbwa, kwa sababu mbwa akibaki mzima siku kadhaa baada ya kuuma, mtu anaweza kutulia. Alirudi akaketi kitandani bila kuvua viatu.

"Balishaiua," alisema. "Bijana baliipiga mawe, bakaitupa mu ziwa."

"Ilikuwa inatoka mate?"

"Hakuna mutu anajua. Kila mutu anasema yake."

Hospitalini muuguzi alitazama ndani ya friji, akaifunga taratibu. "Maman, chanjo iliisha. Tuko tunangojea."

Kesho yake mume wangu alivuka daraja la Ruzizi kwenda kuitafuta chanjo ng'ambo ya mpaka. Kutwa nzima nilikaa mguu nimeunyoosha kitini, kana kwamba nikiuacha bila kuusogeza, kilichomo ndani nacho kingesimama. Alipotokea na chupa ya chai iliyojaa barafu, na chanjo ikiwa katikati ya barafu hiyo, ndipo nikaushusha mguu sakafuni.

Daktari, mzee mwenye sauti ndogo, alinidunga begani.

"Docteur, kama ilishaanza kupanda?"

"Muguu iko mbali na kichwa, maman. Dawa itatangulia. Lakini urudi kila mara nitakuambia, usikose."

Nilirudi kila mara, mpaka sindano zikaisha. Kidonda kikafunga.

Halafu siku moja, nikiwa ubaoni nachora seli ya fahamu na mkia wake mrefu, nilihisi kitu kama sisimizi wakitembea kuzunguka kovu. Niliweka chaki chini. Kuwashwa mahali palipoumwa ndiyo dalili ya kwanza; baadaye koo hukataa maji. Hilo pia nalifundisha. Nilitoka nje, nikafungua bomba, nikanywa maji viganjani nione kama koo litakubali. Likakubali. Nikanywa tena. Wasichana wawili walikuwa wananitazama dirishani, nami nikafunga bomba.

Nilikwenda kwa daktari bila kupita nyumbani. Aliniambia nifumbe macho, akanigusa kwa pamba, kisha kwa ncha ya sindano.

"Hapa unasikia?"

"Iko kama ganzi."

"Na hapa?"

Niliruka kwa maumivu. Akacheka kidogo, bila kunidharau. "Fungua macho. Meno ilikata nerfs, mishipa ndogo za fahamu za ngozi. Sasa ziko zinaota tena, na zikiota zinasumbua. Kwenda nyumbani, maman."

Nilimwelewa kila neno. Ningeweza kulieleza hilo darasani vizuri kuliko yeye. Lakini ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo ya woga isiyosikiliza maelezo, na yangu haikumsikiliza. Miezi mingi baadaye, mate yakikwama kidogo tu, jasho lilinitoka.

Nilidhani nimeuficha woga huo. Asubuhi moja niligeuka na kikombe mkononi nikamwona mume wangu amesimama mlangoni, tayari kwenda kazini, akilitazama koo langu.

"Unangojea nini?" nilimuuliza.

"Kunywa kwanza," alisema.

Nilikunywa. Ndipo akaondoka.

Muda wa hatari umekwisha kupita. Daktari ameniambia hivyo mara mbili, ya pili kwa sababu nilimwomba arudie. Mume wangu siku hizi anaondoka bila kungoja. Mimi nimebadilisha njia ya shuleni. Hii mpya ni ndefu, ina matope, na kila nyumba naitazama nyuma yake kabla sijapita.